Madafu ya Waa

Muhogo wa mgonjwa wa figo unauchemsha mara mbili. Unaumenya, unaukata vipande vidogo, unauloweka tangu asubuhi, unamwaga maji, unauchemsha, unamwaga tena, kisha unauchemsha upya. Ukimaliza, kilichobaki sufuriani si muhogo. Ni kitu cheupe kinachofanana na muhogo, hakina harufu wala utamu, na ukikitia mdomoni kinavunjika kama chaki. Mume wangu alikila kwa adabu. Alikuwa mtu wa kula kila kitu kwa adabu, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu watu wote waliomjua wanadhani aliuawa na figo.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwaendesha watalii. Aliwachukua kwenye hoteli za Diani asubuhi, akawapeleka Shimba Hills kutazama ndovu au Shimoni kupanda boti, akawarudisha jioni wamekuwa wekundu kama kamba wa kuchemsha. Mimi nilikuwa na cherehani zangu Ukunda, nashona mabuibui na sare za shule. Hatujamaliza hata mwaka tangu tuoane, alirudi nyumbani siku moja akasema amechoka kuwaonyesha watu ulimwengu ilhali yeye mwenyewe hajauona. Akasema kila mwaka, tukijaaliwa, na sisi tutakuwa wageni wa watu mahali.

Nilimcheka. Watu wa kwetu husafiri kwa sababu. Mtu anakwenda harusini, anakwenda msibani, anakwenda kutibiwa, na aliyejaaliwa anakwenda Hija. Kufunga mzigo ukaenda kula na kutazama tu, kisha ukarudi, majirani waliona ni wazimu au ni siri. Wengine walisema tunakwenda kwa waganga kwa sababu sijashika mimba. Waache waseme, aliniambia, nasi tukaenda.

Tulianza na Tanga, kwa kuwa iko karibu. Tulivuka mpaka wa Lunga Lunga asubuhi, tukapanga foleni pamoja na wafanyabiashara na magunia yao, na afisa alipomwuliza anakwenda kufanya nini Tanga, mume wangu alijibu kwa fahari kwamba anakwenda kula. Afisa alimtazama, akanitazama mimi, akagonga muhuri. Mpaka leo sijui alituonaje.

Alikuwa na sharti moja la safari. Kinachowekwa mbele yako, unakula. Huulizi ni nini, huonji kwa ncha ya kijiko, hukisukumi pembeni ya sahani. Na ukimaliza unaomba tena, hata kama umeshiba mpaka kooni, kwa sababu aliyepika, alisema, haridhiki na ahsante yako, anaridhika ukimwambia ongeza. Sharti hilo hakulitunga yeye. Alilitoa Waa, kwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki naye yungali hajaota meno ya mbele. Nyumba ya shangazi ilikuwa na watoto wengi, wake na wa watu, na shangazi alizoea kusimama mlangoni mwa jiko akitazama sahani zao. Mtoto aliyeomba tena alimfurahisha siku nzima. Aliyebakisha alimtia huzuni, akakaa akijiuliza amekosea wapi, chumvi au moto. Basi mume wangu alikua akiomba tena.

Na mimi niliteseka kwa ajili hiyo. Kairo tulipewa njiwa mzima aliyejazwa mchele, miguu yake bado imekunjwa, nami nikamwona kama anaomba dua. Mume wangu alimla mpaka mifupa midogo, akaomba mwingine. Kwenye mapiramidi tulikaa muda mfupi, jua kali, ngamia wananuka, wauza picha wanatuvuta mikono. Lakini kwenye tanuri la mkate karibu na tulipolala alisimama asubuhi nzima akitazama mikate inavyovimba, mpaka mwokaji akampa kiti. Istanbul alikula matumbo ya kondoo ndani ya mkate, yamekatwakatwa na kutiwa pilipili, barabarani, baridi inatukata. Nilimkanyaga mguu asiombe tena. Akaomba tena. Na Kitui, kwa dereva mwenzake wa zamani, tulipewa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, katika bakuli la kutosha watu watano, naye akalimaliza huku mama wa nyumba akipiga makofi. Nilimwambia njiani kwamba siku moja tumbo lake litampeleka kaburini. Nilisema kwa mzaha, kama mke yeyote anavyosema.

Viatu vilianza kumbana Unguja. Tulikuwa tumetembea Mji Mkongwe tangu asubuhi, tumekula urojo kwenye benchi, tumeingia nyumba moja ya makumbusho na kutoka nyingine, nikadhani ni mwendo. Jioni alipovua viatu, vifundo vya miguu havikuonekana. Nilibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Akasema ni chumvi ya urojo. Tuliporudi Ukunda alipimwa, na kabla daktari hajafungua mdomo niliona namna anavyozipanga karatasi zake mezani, akizinyoosha kingo, nikajua. Presha ilikuwa imemla ndani kwa ndani miaka mingi bila kumwumiza hata kidogo. Figo zilikuwa zimekwisha.

Kuanzia hapo maisha yetu yalipangwa na mashine. Jumanne na Ijumaa alilala kitandani hospitalini, damu yake inatoka kwa mrija mmoja, inazunguka kwenye mashine, inarudi kwa mrija mwingine. Mkononi madaktari walimuunganishia mshipa mkubwa kwa ajili ya sindano, na ukiuwekea kidole ulitetema mfululizo, kama simu iliyozimwa sauti. Usiku niliusikia kwenye mto. Nilizoea, lakini sikuupenda.

Aliyetueleza habari ya chakula alikuwa msichana mmoja mtaalamu wa lishe, mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiingereza. Alisema figo zikifa kuna madini yanayoitwa potasiamu ambayo hayapati tena njia ya kutoka, yanarundikana kwenye damu, na yakizidi moyo unasimama. Alisema hivyo hivyo, moyo unasimama, wala hautoi taarifa. Kisha akaanza kutaja. Ndizi. Muhogo. Viazi. Mchicha na mboga zote za majani. Maharagwe, mbaazi, kunde. Embe, chungwa, papai. Tende. Ukwaju. Nyanya kidogo tu. Nazi. Nilimwuliza nazi kwa namna gani, maana mchuzi wetu wote ni nazi. Akasema nazi kwa namna yoyote, na madafu ndiyo mabaya kupita vyote, hayo hata tone. Nilikaa pale nikiona kama anatembea kwenye shamba la shangazi kule Waa na panga mkononi, anakata mti baada ya mti. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamwuliza kwao wanakula nini wakati wa mavuno. Msichana akacheka, akamweleza. Wakaongea chakula mpaka wagonjwa wengine wakagonga mlango.

Sasa, mtu asiyekaa pwani hajui jambo moja. Kwetu dafu ni dawa ya figo. Hilo halijadiliwi. Mtu akihisi mkojo unamchoma, anapewa dafu. Mwanamke akijifungua, dafu. Mzee akilalamika kiuno, dafu, linaosha figo. Hatukufundishwa na mtu, tumezaliwa tumelikuta, na kwa mwenye figo nzima pengine halina neno. Basi habari zilipoenea kwamba mume wangu ana figo, madafu yalianza kuja. Mwenye duka la jirani alileta. Fundi wa baiskeli alileta. Mama mmoja niliyemshonea buibui alikuja na mkungu mzima juu ya bodaboda, mwendesha boda naye akaongezea ushauri wake, anywe asubuhi kabla ya kula chochote. Niliwaeleza. Wiki za kwanza niliwaeleza kwa upole, kwa kirefu, mpaka habari ya moyo. Wakanisikiliza kwa heshima, kisha wakasema, lakini kidogo tu hayatamdhuru. Baadaye niliacha upole. Nikawa nayapokea mlangoni, nafunga mlango, nayamwaga nyuma ya nyumba chini ya mpapai. Mpapai ulistawi kuliko wakati wowote. Mtaani likatoka neno kwamba namnyima mume wangu dawa ili nirithi, sijui nirithi nini, cherehani zilikuwa zangu.

Yeye hakulalamika. Ningependa alalamike. Mwezi wa Ramadhani hakuweza kufunga, lakini magharibi alikuja kukaa nasi mkekani, akashika tende moja katikati ya vidole, akaigeuza, akaitazama, akanipa mimi. Kila siku hivyo. Siku moja nilimwambia aache, ananikera, aende akakae chumbani. Alicheka, akaniambia yuko safarini, anatazama tu.

Maana hakuacha kusafiri. Alihesabu upya tu. Kati ya Ijumaa na Jumanne, alisema, mtu anaweza kufika mbali. Si kweli, hafiki mbali, siku ya kwanza amechoka na mashine na siku ya mwisho amejaa maji. Lakini tulikwenda. Mimi ndiye niliyeendesha sasa, kigari chetu kidogo cha mkono wa tatu, naye pembeni akinifundisha kwa sauti ile aliyozoea kuwaelezea watalii, kulia kwenu mnaona, kushoto kwenu mnaona. Tulikwenda Msambweni kutazama maji ya bahari yakitoka, tukala wali mweupe tuliobeba kwenye kontena. Tulikwenda Lunga Lunga bila kuvuka, tukakaa kwenye mkahawa wa chai tukitazama malori yanayokwenda Tanga. Aliniagizia chapati na maharagwe, akataka nimsimulie ladha. Nilimsimulia. Nilisema chumvi imezidi, chapati ni ya jana. Akasema nisiseme uongo, anaona mafuta yake yanavyong'aa.

Chale ndiko nilikovunjika moyo. Aliyekuwa bosi wake alitupatia nafasi kwenye hoteli ya kisiwani, usiku mmoja, zawadi, na nilidhani atafurahi kuwa mgeni mahali alikowahi kuwashusha wageni. Mandhari ni mazuri, siwezi kuyasema vibaya. Maji yalipotoka tuliona mchanga mpaka ng'ambo. Mchana tukaitwa kula. Meza ilikuwa ndefu kama ukuta wa msikiti, imejaa, samaki wa kupaka, pweza wa nazi, viazi, saladi, matunda yaliyochongwa maua. Mume wangu alipita mbele ya meza ile na sahani yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayekagua gwaride. Alirudi na wali mweupe, kipande cha samaki wa kuoka kidogo kuliko kiganja cha mtoto, na nusu ya tufaha. Hakukuwa na mtu wa kumwomba aongeze. Baadaye mpishi alitoka jikoni na kofia yake ndefu, kijana wa Kidigo, akaja mpaka mezani kwetu, akasalimu kwa shikamoo, akauliza kama chakula kina kasoro. Mume wangu alisimama. Hakuwa na nguvu za kusimama ovyo, lakini alisimama, akamwambia hajaona meza kama hiyo kuanzia Kairo mpaka Istanbul. Kijana alirudi jikoni amenuna. Alidhani anadhihakiwa, na ningekuwa yeye ningedhani hivyo hivyo. Usiku ule mume wangu aliniambia kwamba katika mambo yote, lile limemwuma zaidi, kuonekana mtu asiyependa chakula cha watu.

Baada ya Chale hakutaka tena hoteli. Alitaka kwenda Waa.

Waa si safari. Ni hapo tu, unashika barabara ya Likoni kidogo unaingia ndani. Lakini tulikuwa hatujaenda tangu augue. Shangazi hakuweza kuja kwetu, nyonga yake ilikuwa imeharibika na macho yanafifia, na yeye mume wangu alikuwa akiahirisha, anataka apate nguvu kwanza ili shangazi asimwone amekonda. Nguvu hazikuja. Hatimaye alimpigia simu, shangazi akasema tuje Jumatatu. Sikuipenda Jumatatu. Ni siku ya mwisho kabla ya mashine, siku ambayo damu imejaa uchafu wa siku zote zilizopita. Nikasema twende Jumamosi. Shangazi alishikilia Jumatatu bila kusema sababu, na mume wangu alisema hajawahi kumbishia shangazi tangu azaliwe, hataanza leo.

Nilimpigia shangazi mwenyewe nikamweleza chakula. Muhogo usipike. Mboga usipike. Nazi usitie popote. Akaniuliza, bila nazi wali unaupika na nini, mkaza mwanangu. Nikamwambia na maji.

Alitii yote. Tulimkuta barazani, tukampa shikamoo, akamvuta mume wangu kwa mkono, akampapasa uso, mabega, akateremka mpaka kwenye ule mshipa unaotetema, akaushika kwa muda. Aliuliza kama unauma. Alipoambiwa hauumi, hakuuachia. Chakula kilipokuja kilikuwa wali mweupe na samaki changu wa kuchemsha, na shangazi aliomba radhi mara nyingi mno, akasema amempikia mwanawe wali wa jela. Mume wangu alikula. Aliomba tena kidogo. Nilimwona shangazi anatabasamu kuelekea ilikotoka sauti ya mume wangu.

Nilitoa sahani, nikaziosha nyuma pamoja na binti wa jirani anayemsaidia, kisha nikaingia ndani kuswali adhuhuri. Nilisikia kishindo nje, halafu kingine, vishindo vya nazi zinazoanguka, sikuvitilia maanani. Shamba la minazi lazima liwe na vishindo. Nilimaliza swala, nikakaa kidogo nikivuta uradi, kwa sababu mle ndani kulikuwa na ubaridi na nilikuwa nimechoka.

Nilipotoka, mkwezi alikuwa amekwishahamia mnazi wa mbali, na hapo nikaelewa Jumatatu ni siku gani. Ni siku ya mkwezi. Miguuni mwa mume wangu kulikuwa na madafu mawili yaliyokatwa vichwa. Moja lilikuwa tupu tu. La pili lilikuwa limepasuliwa na kukwanguliwa kwa kijiko cha ganda lake mpaka hakukubaki weupe wowote.

Shangazi alisikia hatua zangu. Akageuza uso kwangu, umejaa furaha kama uso wa bibi harusi, akasema:

"Hospitali wanamwosha kwa mashine, nami nimemwosha kwa langu. Na wala sikumlazimisha, mkaza mwanangu. La pili ameliomba mwenyewe."

Nilimtazama mume wangu. Alinitazama. Hakuyaficha macho yake, na hakuniomba msamaha. Alitikisa kichwa kidogo sana, akinikataza. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo yangemmaliza yule bibi pale pale kwenye mkeka wake, na nayajua mpaka leo, neno kwa neno. Niliyameza. Nikasema tumechelewa, nikamshukuru, nikambusu mkono. Akatupatia mkungu wa madafu tuutie kwenye buti la gari.

Nilipofika barabara kubwa sikukata kwenda Ukunda. Nilikata kwenda hospitalini. Hakuniuliza. Nilikuwa naendesha vibaya, nalia kwa hasira, yeye akinionyesha kwa mkono wapi pa kupunguza mwendo.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Aliniwekea mbele."

"Na la pili? La pili hakukuwekea mtu."

Alicheka kidogo, kicheko chake cha zamani, cha Istanbul.

"La kwanza lilikuwa la shangazi," alisema. "La pili lilikuwa langu."

Tulifika. Alitembea mwenyewe mpaka kitandani, akampa muuguzi salamu zake, akamwuliza hali ya watoto. Nilimweleza muuguzi alichokunywa, naye akakimbia kuwaita wenzake, nawashukuru, hawakuzembea hata mmoja. Walimbandika waya kifuani, wakamchoma sindano, wakaanza kuiandaa mashine. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wenye mshipa. Ulikuwa ukitetema, ukitetema, kisha nikahisi umenyamaza. Nilidhani nimehamisha kidole. Nikakitafuta tena mahali pake. Yule msichana wa lishe alikuwa amesema kweli, moyo haukutoa taarifa.

Daktari aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, na kwamba hata bila ya lile jambo asingekaa sana. Mimi ndiye niliyelitaja dafu, yeye aliliita lile jambo. Nilimwuliza kama ni dafu au si dafu. Akasema mambo haya hayana sababu moja. Ni jibu zuri. Sijawahi kulitumia.

Tulimzika siku ya pili. Shangazi aliletwa, akashushwa kwenye gari na wanaume wawili, akakalishwa karibu yangu chumbani kati ya wanawake. Mimi nimekwishaingia eda, nimevaa nyeupe, nimekaa pembe ya mkeka. Kila aliyekuja kumpa pole, shangazi alimweleza. Alisema, alhamdulillahi, amekufa baada ya kuja kwangu. Alisema, alikunywa mkononi mwangu kama alipokuwa mdogo, akaniomba tena. Alisema laiti angeletwa mapema akapata dawa ile mwanzoni, pengine angepona. Na wale wanawake, nusu yao ndio walioniletea madafu mlangoni, walinitupia jicho, kisha wakamshika mikono, wakamwambia amefanya jambo kubwa, Mungu atamlipa. Nilikaa katikati yao. Sijawahi kuchukia watu kama nilivyowachukia siku ile, pamoja na maiti wangu. Ndiyo, na yeye. Namkasirikia hata leo ninapoandika. Alikwenda Waa akaomba tena, akaniacha mimi na maneno yasiyosemeka, akaniacha nimefungiwa ndani miezi, mimi niliyefundishwa naye kutoka.

Katika eda nilipata muda wa kufikiri, tena mwingi kuliko ninavyoutaka. Nilijiuliza kama alipanga, kama ndiyo sababu alichagua Waa. Sidhani. Nadhani alikwenda kumsalimu shangazi yake, likawekwa dafu mbele yake, likiwa baridi bado, limetoka juu, na alikuwa na kiu ya miaka. Mara nyingine nadhani kinyume. Siku hizo silali vizuri.

Eda ilipokwisha ndugu zangu walitaka kunipeleka mahali nipumzike, wakataja Unguja, wakataja hata Uturuki, maana walijua tulivyopenda. Niliwaambia nitakwenda Waa. Niliendesha peke yangu. Nilijiapia njiani kwamba safari hii nitamwambia, si kwa ubaya, nitamwambia tu kwa sababu kuna wagonjwa wengine Waa na ana mkono mwepesi wa kugawa. Nilipanga maneno. Nilianza na neno shangazi.

Sikumaliza kumpa shikamoo. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa kama alivyompapasa yeye, mabega, mikono, akasema nimekonda, nyumba haina mtu wa kumpikia. Macho yake sasa yalikuwa yamekwisha kabisa. Alikuwa amepunguka, amekuwa mdogo kwenye ule mkeka, na binti wa jirani aliniambia kwa siri kwamba hali chakula, sahani inarudi kama ilivyokwenda, na kwamba kinachomfanya azungumze ni kile kisa kimoja tu, cha mwanawe alivyokunywa. Anakisimulia kwa kila anayepita. Kisha analala.

Shangazi aliita kwa sauti kuelekea minazini. Ilikuwa Jumatatu, bila shaka, nilikuwa nimeichagua mwenyewe bila kufikiri. Mkwezi aliteremka, akalikata dafu kichwa kwa mapigo matatu, akalileta, na shangazi akalipokea kwanza yeye, akaliweka mbele yangu kwa mikono yake miwili akitafuta mahali pa mkeka lisimwagike. Alikuwa ameinamisha sikio kidogo, anasikiliza.

Nilikunywa. Lilikuwa tamu. Nililimaliza lote bila kulishusha, nikaliweka chini kwa kishindo ili asikie kwamba ni tupu.

"Shangazi," nilisema, "niongeze."